Propela yenye pichi kubwa haimaanishi boti yenye kasi

Wavuvi wengi wanaofika Nairobi kutafuta vipuri huomba propela yenye pichi kubwa, wakiamini ndiyo itakayokimbiza boti. Sivyo.

Tazama kwenye kitovu cha propela: utaona kama 10 x 13. Namba ya kwanza ni kipenyo kwa inchi. Ya pili ni pichi, yaani inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama isingeteleza majini. Pichi ikizidi nguvu ya injini, injini huelemewa, mizunguko hushuka, petroli huisha haraka na pistoni huumia. Ikiwa ndogo mno, injini hupitiliza mizunguko.

Kipimo cha haki ni kitabu cha injini. Kikisema mizunguko 5000 hadi 6000 kwa dakika, pakia nyavu, barafu na mabaharia wote, fungua mafuta hadi mwisho, usome mita ya mizunguko. Mizunguko isipofika hapo, punguza pichi: kupunguza inchi moja huongeza takriban mizunguko 150 hadi 200.

Na usisahau mwinuko! Ziwa Victoria liko mita zaidi ya 1100 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, injini hupoteza nguvu. Propela inayofaa Lamu, pwani, huenda pichi yake ikaielemea injini ileile Homa Bay, ziwani.