Kupoza Kompyuta kwa Baridi ya Nje: Dhana Potofu na Ukweli

Msimu wa baridi kali ukiingia katika nchi zenye theluji, wazo moja huwarudia watu wengi wenye kompyuta za mezani. Nje kuna baridi isiyolipiwa, na ndani ya kasha kuna prosesa na kadi ya michoro zinazozifanya feni zivume mchana kutwa. Kwa nini basi bomba lisipitishwe dirishani, baridi hiyo ikaletwa moja kwa moja kwenye mashine? Wazo lina mashiko, na vituo vikubwa vya data hupozwa kwa hewa ya nje. Tatizo ni majibu anayopewa anayeuliza. Huyu atamwambia kompyuta italowa maji siku hiyohiyo, na yule atamwambia kadiri baridi inavyozidi ndivyo mashine inavyozidi kudumu. Wote wawili wanatazama nyuzi za hewa peke yake. Linalofaa kuulizwa ni hili: ni kitu gani kitakuwa baridi kuliko hewa inayokigusa, na ni wakati gani?

"Hewa baridi huingiza maji kwenye kompyuta"

Hofu hii ndiyo kubwa kuliko zote, na sababu inayotolewa karibu kila mara huwa si yenyewe. Hewa baridi ni hewa kavu. Katika nyuzi 10 za Selsiasi chini ya sifuri, hewa iliyoshiba mvuke kabisa hubeba gramu 2 na kidogo tu za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa ya nyuzi 20 inaweza kubeba gramu 17. Kwa hiyo hewa ya nje inapoingia kwenye kasha na kupashwa joto na vipuri, unyevu wake hushuka chini ya asilimia 15. Prosesa, kadi ya michoro na saketi zinazozizunguka zina joto kuliko hewa hiyo inayopita juu yake, na mvuke haugeuki maji juu ya kitu chenye joto kuliko hewa yenyewe. Mashine ikiwa inafanya kazi, na hewa inayoipitia yote ikiwa ya nje, ndani hakuna kinacholowa.

Maji huletwa na hewa ya chumbani. Chukua chumba cha nyuzi 21 chenye unyevu wa asilimia 45. Kiwango chake cha umande, yaani nyuzi ambazo hewa hiyo ikipozwa hadi hapo huanza kuachia maji, ni karibu 9. Kitu chochote chenye baridi chini ya hapo kikiguswa na hewa hiyo kitatoka jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Bomba linalopitisha hewa ya nje litatiririka maji upande wake wa nje, na mabati ya kasha yatafuata. Tone linaloteleza kwenye bomba hutafuta pa kwenda, na mara nyingi pa kwenda ni kwenye tundu la kasha au kwenye soketi ya umeme iliyo chini yake.

Saa ya hatari zaidi ni ile ambayo wengi huiona ya usalama, kompyuta inapokuwa imezimwa. Feni zimesimama na vipuri havizalishi tena joto, lakini bomba bado liko wazi na upepo wa nje unaendelea kusukuma baridi ndani polepole usiku kucha. Bodi mama, yaani saketi kuu inayobeba vipuri vyote, inapoa hadi chini ya kiwango cha umande cha chumba. Asubuhi watu wanapika, wanaoga, wanapumua, unyevu wa nyumba unapanda, na hewa hiyo inajipenyeza kwenye kasha kupitia kila upenyo. Kisha mtu anabonyeza kitufe cha kuwasha. Mtu akiniuliza afanye jambo gani moja tu, nitamwambia aweke kilango kwenye bomba kinachojifunga chenyewe umeme wa kompyuta ukikatika, na alivike bomba zima kizuia-joto. Bila hivyo viwili ni afadhali aache.

Kuna siku nyingine ya kuangaliwa, nayo ni ile hali ya hewa inapogeuka. Baada ya wiki ya baridi kavu huja hewa ya uvuguvugu yenye mvua. Bomba na kasha bado vina baridi ya jana, na mara hii hewa ya nje yenyewe ndiyo inayoleta umande. Ukungu na theluji laini ni hatari zaidi kwa sababu hayo si mvuke tena. Ni maji na barafu tayari, na feni itayavuta yalivyo.

Kwa sababu hiyohiyo, mashine iliyolala garini au kwenye ghala lenye baridi haiwashwi mara tu inapoingizwa ndani. Ifungwe kwenye mfuko wa plastiki ingali nje, iingizwe, iachwe saa kadhaa hadi ipate joto la chumba. Jasho litakuwa juu ya mfuko.

"Baridi zaidi, kasi zaidi, maisha marefu zaidi"

Hapa kuna ukweli ndani yake. Joto la prosesa hufuata joto la hewa inayoingia, karibu nyuzi kwa nyuzi. Kipozaji cha kawaida kinachoongeza nyuzi 0.3 kwa kila wati kitaiacha prosesa ya wati 150 ikiwa nyuzi 45 juu ya hewa. Hewa ikiwa 22, prosesa itakuwa 67. Hewa ikiwa 5 chini ya sifuri, itakuwa 40. Hewa baridi pia ni nzito zaidi. Kutoka nyuzi 20 juu ya sifuri hadi nyuzi 10 chini yake huongezeka uzito kwa takriban asilimia 11, hivyo feni ileile hubeba joto zaidi kwa mzunguko uleule.

Lakini kushuka kutoka 67 hadi 40 hakumpi mtu kasi anayoiwazia. Prosesa za siku hizi hujipunguza kasi zinapokaribia kikomo chake, ambacho kwa nyingi ni nyuzi 95 au 100. Iliyoko 67 haijabanwa na joto hata kidogo. Kuipoza zaidi hupunguza kiasi kidogo cha umeme unaovuja ndani yake na kuiruhusu kupanda kasi kidogo. Wanaomimina naitrojeni kimiminika, yenye nyuzi 196 chini ya sifuri, hutafuta rekodi za muda mfupi, na kabla ya kuanza huiziba bodi mama yote isiguswe na hewa. Hao si wa kuigwa na mtu anayetaka mashine ya kazi.

Kuhusu maisha marefu, vipuri havifanani. Kapasita za elektroliti, yaani vihifadhi chaji vyenye kimiminika ndani, zilizo kwenye pawa saplai inayoilisha kompyuta umeme, hupenda ubaridi wa wastani, na kanuni ya mafundi ni kwamba umri wake huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 10 unazopunguza. Ila kwenye baridi kali kapasita hizohizo hupoteza uwezo na ukinzani wake wa ndani hupanda, kiasi kwamba pawa saplai inaweza kukataa kuwaka. Grisi ya feni huganda. Diski kuu inayozunguka huwa imeidhinishwa kufanya kazi kati ya nyuzi 5 na 60 hivi, kwa kuwa mafuta ya beringi zake huwa mazito chini ya hapo. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha uchunguzi wa idadi kubwa ya diski walizokuwa wakizitumia, na matokeo yake yaliwashangaza wengi: diski zilizokuwa na joto la chini hazikuharibika kwa uchache, bali ziliharibika zaidi kuliko zenye joto la wastani. SSD, yaani diski zisizo na sehemu inayozunguka, nyingi za matumizi ya kawaida zimepangiwa nyuzi 0 hadi 70. Mtu anayeelekeza hewa ya nyuzi 15 chini ya sifuri kwenye kasha zima kwa ajili ya prosesa anavitendea vipuri hivi vingine isivyo haki.

Na kuna mabadiliko ya ghafla. Silikoni, shaba, plastiki na risasi ya kulehemu hutanuka kwa viwango tofauti. Kifaa kinachopanda kutoka 10 chini ya sifuri hadi 70 kila siku huzichosha sehemu zilizounganishwa kwa risasi kuliko kifaa kinachokaa 65 siku zote. Mimi ningechagua 65 isiyoyumba.

"Upepo wa nje utaishusha kompyuta chini ya baridi iliyopo"

Hapana. Upepo humfanya mwanadamu ahisi baridi zaidi kwa sababu mwili wake una joto na ngozi yake ina unyevu unaokauka. Kitu kikavu hupoa haraka zaidi kwenye upepo, lakini hakishuki chini ya nyuzi za hewa yenyewe.

"Ni upozaji wa bure"

Hesabu hii inastahili kufanywa polepole. Feni moja ya milimita 120 inaweza kuvuta mita 85 za ujazo kwa saa. Kuipasha mita moja ya ujazo ya hewa kwa nyuzi moja huhitaji takriban wati-saa 0.34. Ikiwa nje ni 5 chini ya sifuri na chumba ni 20, hewa hiyo inadai zaidi ya wati 700 ili ifikie joto la chumba. Kompyuta ya wati 200 inalipa 200 zake, na zaidi ya 500 zilizobaki zinalipwa na mfumo wa kupasha nyumba. Aidha hewa inayosukumwa ndani lazima itoke mahali, na hutokea kwenye nyufa za kuta na madirisha ikiwa na unyevu wa nyumba, ambao huganda humo. Ukiweka bomba la pili la kuirudisha hewa nje unaepuka hasara hiyo, lakini unazitupa wati 200 ambazo zingesaidia kupasha chumba.

"Kama vituo vya data vinafanya, nami naweza"

Vituo hivyo ndivyo vinavyonishawishi kwamba baridi tupu haitakiwi. Kituo cha Facebook cha Luleå, kaskazini mwa Uswidi, kilichofunguliwa 2013, hutumia hewa ya nje, lakini majira ya baridi hewa hiyo huchanganywa na ile ya moto iliyotoka kwenye seva kabla ya kuzifikia. Mwongozo wa ASHRAE, jumuiya ya wahandisi wa joto na hewa, hupendekeza hewa ya kuingia kwenye seva iwe nyuzi 18 hadi 27. Wenye baridi nyingi kuliko wote ndio wanaoipasha.

Nao pia huteleza. Mwaka 2011, katika kituo cha Facebook cha Prineville, Oregon, mfumo wa kudhibiti hewa ulikosea, hewa ya moto yenye unyevu mwingi ikajikusanya, na wingu likafanyika ndani ya jengo hadi baadhi ya seva zikaharibiwa na maji. Intel nao waliendesha jaribio la seva 900 hivi huko New Mexico kwa miezi 10 na kutoa matokeo 2008. Upande uliopozwa kwa hewa ya nje na kichujio cha kawaida tu ulijaa vumbi, lakini asilimia 4.46 ndizo zilizoharibika, dhidi ya 3.83 katika kituo chao kikuu. Kwa hiyo vumbi si hukumu ya kifo. Hata hivyo chumvi ya bahari, moshi wa magari na gesi za viwandani hula shaba polepole, na kichujio cha kawaida hakizuii gesi.

Kichujio nacho kina gharama. Feni za kompyuta zina msukumo dhaifu. Bomba refu lenye mikunjo, likiongezwa kichujio kizito, linaweza kupunguza hewa hadi prosesa ikawa na joto kuliko ilivyokuwa bila bomba.

Anayetaka kulifanya jambo hili vizuri aige uchanganyaji. Bomba liishie sentimita kadhaa mbele ya tundu la feni ili hewa ya chumba iingie pamoja na ya nje, na sensa iwekwe palepale. Kilango kipungue au kuongezeka kufuata sensa, hewa ya kuingia ikae kati ya nyuzi 15 na 20, juu ya kiwango cha umande cha chumba. Anayepoza kompyuta kwa maji yanayozungushwa na pampu anaweza kuiweka radieta, yaani sehemu ambapo maji hayo hutoa joto, nje na kuiacha hewa ya nje hukohuko, ila maji yawe na dawa ya kuzuia kuganda, kwa kuwa yakiganda hutanuka kwa karibu asilimia 9 na kupasua radieta. Pampu nayo ipunguzwe au maji yachepushwe pindi yanaporudi ndani yakiwa chini ya kiwango cha umande, la sivyo mabomba yatatoka jasho juu ya bodi mama.