Tozo ya foleni, na upinzani unaoifuata kila mji

Dar huitwa foleni, Nairobi ni jam, na kwenye karatasi za serikali ni msongamano wa magari. Tozo ya foleni ni pesa anayolipa mwenye gari kwa kuingia sehemu ya mji iliyojaa, kwa saa ambazo imejaa. Singapore ilianza mwaka 1975, London ikafuata Februari 2003 kwa pauni 5 kwa siku. London hakuna kizuizi wala kibanda cha mkusanya pesa. Kamera inasoma namba ya gari, na usipolipa faini inakufuata nyumbani.

Tusiichanganye na pesa ya kupita Daraja la Kigamboni au ile barabara ya juu ya Nairobi. Kule unalipia kitu kilichojengwa, ili gharama yake irudi. Tozo ya foleni unalipia barabara ileile uliyopita jana bure. Mwanauchumi William Vickrey, aliyepata Nobel mwaka 1996, alikuwa akiieleza hoja hii tangu miaka ya 1950: kila gari linaloingia kwenye foleni linawachelewesha wote walio nyuma yake, na dereva halipii ucheleweshaji huo. Mtoze, na baadhi ya watu wataahirisha safari, watapanda basi au watapita kwingine. Kwa hiyo tozo ikifanya kazi vizuri, kuna watu itakuwa imewaondoa barabarani. Anayeipinga huwa ameshaelewa jambo hilo vizuri sana, na anashuku kwamba atakayeondolewa ni yeye.

Ndiyo maana neno upinzani hapa linabeba watu wasiofanana hata kidogo. Yupo anayesema barabara nimeshailipia kupitia kodi ya mafuta, silipi mara mbili. Mapema mwaka 2007 Waingereza zaidi ya milioni 1.8 walitia saini ombi kwenye tovuti ya serikali yao wakipinga wazo la kulipia barabara nchi nzima. Yupo asiyekuwa na ugomvi na wazo lenyewe, ila mstari kwenye ramani umepita kati ya nyumba yake na shule ya mwanawe. Yupo mwenye duka anayehofia wateja. Yupo mfanyakazi wa zamu anayetoka kazini saa ambayo hakuna basi. Kwangu mimi huyu ndiye mwenye hoja nzito kuliko wote, na ndiye anayesikika kidogo zaidi, kwa sababu mwenye jumba la maduka ana pesa ya kulipia mabango na yeye hana.

Manchester, kaskazini mwa Uingereza, waliyapata yote hayo kwa pamoja. Mpango wao ulikuwa mkubwa kuliko wa London kwa eneo: duara mbili, ya nje ikifuata barabara kuu ya M60 inayozunguka mji, ya ndani ikizunguka katikati. Ungetozwa ukivuka kuingia kati ya saa 1 na saa 3 na nusu asubuhi, na ukivuka kutoka kati ya saa 10 na saa 12 na nusu jioni. Anayevuka duara zote mbili asubuhi na jioni angelipa pauni 5 kwa siku. Anayeingia saa 5 asubuhi hakuna kitu. Serikali kuu iliweka mezani takriban pauni bilioni 1.5, na mkopo juu yake ambao tozo ingeulipa, kwa ajili ya reli za tramu, mabasi na treni. Sharti lilikuwa moja: bila tozo, hakuna pesa.

Nadhani sharti hilo liliharibu zaidi kuliko hiyo pauni 5. Watu hawakuulizwa kama foleni ni tatizo. Waliwekewa zawadi mkono mmoja na bili mkono wa pili, na wakaambiwa huwezi kuchukua kimoja. Walioitetea walisema sehemu kubwa ya tramu na mabasi ingekuwa tayari kabla ya tozo kuanza mwaka 2013. Waliopinga walijibu kwamba ahadi za usafiri wamezisikia tangu utotoni. Kampuni ya Peel, iliyokuwa ikimiliki wakati huo jumba la maduka la Trafford Centre lililokuwa ndani ya duara la nje, ilipinga waziwazi, na vikundi vya wananchi vikagawa vipeperushi mitaani. Tena uchumi wa dunia ulikuwa umeanguka miezi michache tu kabla.

Kura ilipigwa kwa posta, Desemba 2008. Asilimia 79 walikataa. Halmashauri zote kumi za eneo hilo zilisema hapana, hata zile ambazo wakazi wake wengi wasingekutana na kamera hata moja. Edinburgh, mji mkuu wa Scotland, walikuwa wamefanya vivyo hivyo Februari 2005, kwa asilimia 74, juu ya tozo ya pauni 2 tu.

Mwaka uliofuata halmashauri za Manchester zilikusanya pesa kwa njia nyingine, na sehemu kubwa ya reli zile za tramu ikajengwa. Ile ya uwanja wa ndege ilifunguliwa Novemba 2014. Aliyepiga kura ya hapana ana haki ya kuuliza: mlituambia haiwezekani?

Stockholm, mji mkuu wa Sweden, walipanga mambo kinyume. Watu huko nao walikuwa wengi wanaopinga, lakini tozo ilianzishwa kwanza kama jaribio, kuanzia Januari hadi Julai 2006, kisha ikazimwa, na kura ikapigwa Septemba. Katika jaribio, magari yanayovuka mpaka wa mji yalipungua kwa takriban moja ya tano. Tozo ilipozimwa, magari yakarudi, na kila mtu akaona tofauti kwa macho yake. Zaidi kidogo ya nusu ya wakazi wa mji walisema ndiyo. Manispaa za jirani zilizoamua kupiga kura zao zilikuwa na wengi wa hapana. Siku hiyohiyo vyama vilivyokuwa vikiipinga tozo vilishinda uchaguzi mkuu. Vikairudisha mwaka 2007, vikaelekeza mapato yake kwenye ujenzi wa barabara. Mpinzani akishapewa funguo za sanduku la pesa, huwa anaona mambo mapya.

Gothenburg, Sweden hiyohiyo, mwaka 2014 walipiga kura ya hapana kwa asilimia 57, wakiwa tayari wanatozwa tangu mwaka uliotangulia. Kura ilikuwa ya ushauri tu. Tozo ikaendelea.

Kwa hiyo upinzani unaweza kuua mpango kabla haujazaliwa, au kuuchelewesha na kuupunguza bei. New York walitunga sheria yao mwaka 2019. Gavana akaisimamisha Juni 2024 zikiwa zimebaki wiki chache ianze, akairudisha ikiwa dola 9 badala ya 15, na ikaanza Januari 2025. Jimbo jirani la New Jersey lilikuwa limeshakwenda mahakamani kuipinga.

Hata jina linapiganiwa. Mtanzania anayekumbuka tozo za miamala ya simu za mwaka 2021 hahitaji kuambiwa kwa nini: kinachoitwa tozo hupitia mlango mmoja, kinachoitwa kodi hupitia mwingine. London, ubalozi wa Marekani unasema hii ni kodi, na wanadiplomasia hawalipi kodi za nchi waliyopelekwa. Mamlaka ya usafiri ya London inasema ni malipo ya huduma, kama kulipia maegesho. Balozi za Japani, India na Nigeria nazo zina madeni ya mamilioni. Deni la Marekani mwaka 2024 lilikuwa limevuka pauni milioni 14, na magari yake yanaendelea kuingia mjini kila asubuhi, kamera zikiyapiga picha.