Mke Rubani, Besi Ghuba, Nyumba Syokimau: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Mke wangu ni rubani wa ndege za abiria. Besi yake, yaani mji ambao zamu zake huanzia na kuishia, iko Ghuba. Nyumba yetu iko Syokimau, na watoto wetu wawili wanasoma hapa hapa. Mwaka huu mkataba wake unafika mwisho na hakuna aliyesema wazi kama utarefushwa. Wakati huo huo kuna kampuni ya hapa Nairobi inayomtaka, kwa mshahara usiofika nusu ya ule wa sasa. Tangu habari hizi zivuje kwenye ukoo, washauri hatukosi: matangani, kwenye chama, hata kwa kinyozi. Wana nia njema, ila mengi wanayoyasema yamesimama juu ya mambo ambayo si kweli.

"Rubani hupanda ndege bure, shida iko wapi?"

Hili ndilo la kwanza kusemwa kila mara. Anachopata mfanyakazi wa ndege ni tiketi ya stendibai: unalipa kidogo, unafika uwanjani na begi lako kama wengine, halafu unasubiri hadi abiria waishe kaunta ndipo ujue kama kuna kiti kilichobaki. Aliyelipa nauli kamili akitokea dakika ya mwisho, kiti ni chake. Wafanyakazi nao wana foleni yao, na si lazima aliyefika mapema awe mbele. Kiti cha ziada ndani ya chumba cha marubani kipo, lakini hicho kinategemea kapteni wa siku hiyo na masharti ya kampuni, na mtu wa kampuni nyingine mara nyingi hakipati.

Sasa chukua Desemba. Wakenya wanaofanya kazi Ghuba wanarudi kwao, watalii wanashuka kuelekea Mara na Diani, na ndege zinajaa pomoni. Hizo ndizo wiki ambazo shule zimefungwa na watoto wanamtaka mama yao. Kuna ujumbe ambao nimeuzoea kwenye simu: "Viti vinne, tuko kumi na mmoja. Laleni tu." Basi chapati zilizofunikwa mezani zinakuwa kiamshakinywa.

Kuja nyumbani, hata hivyo, ndiyo nusu nyepesi. Akikosa kiti cha kuja, tumekosa mlo wa jioni pamoja. Akikosa kiti cha kurudi, amekosa kazini, na hilo linaingia kwenye faili lake. Kwa hiyo hathubutu kungoja ndege ya mwisho inayoweza kumfikisha kwa wakati. Huhakikisha kuna nyingine mbili baada yake, endapo ya kwanza itamwacha. Zamu ikianza Jumatatu jioni, anatuaga Jumapili asubuhi kabla hata nyama haijatoka kwa mchinjaji. Mara nyingine tunajilipia nauli kamili, na tiketi inayonunuliwa leo kwa safari ya kesho haina huruma.

"Marubani hufanya kazi siku chache kwa mwezi"

Sheria za Ulaya zinamruhusu rubani kuruka saa zisizozidi 900 katika mwaka mmoja wa kalenda. Marekani kikomo ni saa 1,000 katika siku 365. Shemeji yangu alichukua 900 akagawa kwa 12, akapata 75, akacheka. Yeye ana kibanda Gikomba. Saa hizo anazimaliza kwa wiki.

Hesabu yake iko sawa, tatizo ni kile alichokihesabu. Saa 75 hizo ni za ndege tu, tangu isogee kutoka ilipoegeshwa hadi isimame iendako. Hazina ndani yake kuripoti kabla ya safari, kungoja mizigo ipakiwe, kulala hotelini mji wa mbali, wala zile zamu za kukaa karibu na simu ukisubiri kuitwa. Hazina usiku wa kusoma kabla ya mtihani wa simuleta, mashine inayoiga chumba cha marubani, ambao marubani wa mashirika hufanya kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na kuufeli si mchezo.

Na safari ya kutoka Nairobi hadi besi haimo popote. Machoni mwa kampuni, muda huo ni wa kupumzika. Kama wewe umeamua kuutumia ukiwa umekaa kwenye kiti cha katikati kwa saa tano hivi, hiyo ni hiari yako. Mimi ni mwalimu wa hesabu, na hii ndiyo hesabu ninayoichukia kuliko zote. Ratiba ikimpa siku nne, ya kwanza inaliwa na kuja na ya mwisho inaliwa na kurudi. Kati ya mbili zilizobaki, moja anailala nusu, kwa sababu usiku wa kuamkia alikuwa macho kati ya saa nane na saa kumi na mbili alfajiri, saa ambazo mwili wa mtu unakuwa chini kabisa, awe amezoea asizoee. Binti yetu mdogo siku hizi humpokea mlangoni na swali: "Mama, umekuja, ama umekuja kulala?"

Wanaosema "atazoea tu" ningependa wasikie habari ya Colgan Air. Tarehe 12 Februari 2009 ndege ya kampuni hiyo ilianguka karibu na Buffalo, jimbo la New York, wakafa watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake chini. Besi ya marubani ilikuwa Newark. Kapteni aliishi Florida. Rubani msaidizi aliishi upande wa Seattle, pwani ya pili kabisa ya Marekani, na usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa akivuka nchi nzima, akibadilisha ndege Memphis, ili awahi kazini. Wachunguzi hawakusema kwamba uchovu ndio ulioangusha ndege. Chanzo walichokitaja ni jinsi kapteni alivyoitikia vibaya onyo kwamba ndege imepungukiwa na mwendo. Lakini walisema pia kwamba yamkini uchovu ulikuwa umepunguza uwezo wa wote wawili. Baada ya hapo Marekani ilibadilisha sheria za saa za kazi na mapumziko ya marubani. Wapi rubani aishi, na afikeje kazini, bado ni juu yake mwenyewe.

Ndiyo maana mke wangu ana chumba cha kupanga kule, na wenzake wawili. Wazee wanauliza kwa nini tunalipa kodi ya nyumba mbili. Analipia kitanda cha kulala kabla ya zamu.

"Akishakuwa kapteni, cheo ni chake popote"

Daktari akihama hospitali, anabaki daktari wa kiwango kile kile. Rubani hayuko hivyo. Kwenye mashirika mengi kila kitu hufuata orodha ya ukongwe: nani apandishwe cheo, nani achague ratiba kwanza, nani apate likizo ya Krismasi, na kazi zikipunguzwa, nani atangulie kutoka. Ukihama unaanzia mkiani, hata kama una maelfu ya saa angani. Juu ya hapo, leseni yake inaonyesha aina ya ndege anazoruhusiwa kurusha. Aliyezoea zile kubwa za Ghuba akirudi hapa atakuta Kenya Airways ina Boeing 787, Boeing 737 na Embraer, na Wilson, uwanja wa ndege ndogo hapa Nairobi, kuna Caravan na Dash 8. Kila aina mpya inadai mafunzo yake, na kampuni ikiyalipia, humfunga rubani kwa mkataba: ukiondoka kabla ya muda fulani, unarudisha pesa.

"Mshahara mkubwa ndio usalama"

Mama mkwe wangu ndiye mwenye hili, na ninamheshimu sana kwa sababu aliuza ng'ombe binti yake asome urubani. Hunipigia jioni: "Baba Neema, mwambie asicheze na kazi ya dola." Namjibu, "Nimesikia, Mama." Kumweleza kwa simu ni vigumu.

Mshahara ule umening'inia kwenye nyuzi kadhaa, na uzi mmoja ukikatika, umekwisha. Cheti cha afya cha rubani wa ndege za abiria hudumu miezi 12, na akishafika miaka 60 kinashuka hadi miezi sita. Sukari, moyo, jicho moja kufifia, na kazi imesimama siku hiyo hiyo. Umri wa miaka 65 ndio mwisho kwenye safari za kimataifa. Kibali cha kuishi kule kimeshikana na ajira. Ajira ikiisha, kuna siku za kufungasha.

Kisha kuna lisilotabirika. Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilifunga safari za kimataifa za abiria, zikarudi tarehe 1 Agosti. Mashirika makubwa ya Ghuba, yale yale ambayo kila kijana wa Wilson alikuwa akiyaota, yaliachisha kazi marubani mwaka huo.

"Basi arudi, kazi ya nyumbani ina uhakika"

Hapa wengi hukosea kwa upande wa pili. East African Airways ilikufa mwaka 1977 pamoja na jumuiya iliyoizaa. JetLink ilisimamisha safari zake Novemba 2012, na marubani wake wakajikuta barabarani. Kwa Wilson, sehemu kubwa ya kazi ni ya mikataba ya kupeleka watu na misaada Somalia, Sudan Kusini na Kongo, na mikataba hiyo inafuata mfuko wa mfadhili. Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje Januari 2025, watu wa sekta hiyo hawakuhitaji kuelezwa mara mbili.

Tofauti iliyopo ni ya kisheria. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri anayepunguza wafanyakazi atoe notisi ya mwezi mmoja na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia kazini. Marubani wana chama chao, na Novemba 2022 waliwahi kugoma. Kule Ghuba ulichonacho ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi uliyotia sahihi, na mgomo usiutaje.

"Mshahara wa Ghuba hauna kodi"

Kule, hauna. Hapa ni habari nyingine. Mtu mwenye makao ya kudumu Kenya, akiwa nchini kwa muda wowote ule ndani ya mwaka, anahesabiwa mkaazi, na mkaazi hutozwa kodi ya mshahara alioupata kwa kazi ya ndani au ya nje. Kiwango cha juu ni asilimia 35. Kuna mikataba ya kodi kati ya Kenya na baadhi ya nchi za Ghuba, kwa hiyo muone mhasibu mkiwa na karatasi zenu mkononi, kabla ya 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi, na kabla ya kununua ploti Kitengela. Nimeona jamaa wakilinganisha mshahara wa kule wote na wa hapa uliokwisha kukatwa, wakaita hiyo hesabu.

"Hamieni wote huko yaishe"

Kazi yangu iko hapa, wazazi wetu wako hapa, na karo ya kule sitaki kuitaja. Tena mkataba unaoisha hauhamishi watu wanne.

"Watoto hawasumbuki, bora karo ilipwe"

Hawalii, ni kweli. Wanachofanya ni kupanga maisha bila kumhesabu. Mkubwa alinipa fomu ya ziara ya shule niitie sahihi huku mama yake amekaa sebuleni hapo hapo. Mke wangu aliona. Hakusema kitu, akaenda kukunja nguo zilizokuwa zimekwisha kukunjwa.

Mimi nami nimekuwa na tabia ya kuamua: fundi wa bomba, sare mpya, nani alale wapi wageni wakija. Akifika huuliza mambo yaliyokwisha amuliwa, nami nakasirika kana kwamba ananikagua. Hili hakuna aliyetuonya, maana wote wanadhani shida ya kukaa mbali ni hamu ya kuonana.

Kwa hiyo mezani kwetu safu ya mshahara tumeisogeza pembeni kidogo, tukaweka nyingine: usiku anaolala nyumbani kwa mwezi, akiwa macho kiasi cha kukaa na watu. Kwa kazi ya Ghuba tunaujua. Kwa hii ya Nairobi hatuujui bado, kwa sababu kuwa na besi JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, si sawa na kulala Syokimau. Kuna marubani wa hapa ambao wiki nzima iko Juba au Mogadishu. Ameiomba kampuni impe ratiba halisi za miezi mitatu iliyopita, za mtu wa cheo atakachoanzia, pamoja na kifungu cha mkataba wa mafunzo. Leseni yake ya Kenya ameiweka hai muda wote huu, hilo tunashukuru. Ghuba, ingawa wenyewe hawajaahidi kurefusha mkataba, wanataka kujua mwisho wa mwezi kama angependa kuendelea, na hizo ratiba zisipofika kabla ya hapo, hatutatia sahihi ya hapa kwa sababu ya kuchoka tu.