Je, wajua? Kwa nini lambo dogo hutoa gesi nyingi kuliko ukubwa wake

Kwa miaka mingi niliamini kwamba lambo la ng'ombe lenye maji ya kijani linasafisha hewa. Mwani hufyonza hewa ukaa kama mimea mingine, nikajiambia, basi kadiri maji yanavyokolea kijani ndivyo yanavyofyonza zaidi. Nusu ya hoja hiyo ni kweli, ndiyo maana si rahisi kuing'oa. Watafiti waliopima malambo ya mashambani huko Saskatchewan, Kanada, walikuta karibu nusu yake yanavuta hewa ukaa. Lakini yote yalikuwa yanatoa methani, gesi nyingine inayoipasha dunia joto.

Nilichosahau ni kwamba mwani hufa. Ukifa huzama, ukizama huoza, na ndani ya tope hakuna oksijeni. Humo huishi vijidudu viitwavyo arkea, ambavyo humalizia uozo huo kwa kutoa methani. Katika kipindi cha miaka 100, kilo moja ya methani huipasha dunia joto takriban mara 28 kuliko kilo moja ya hewa ukaa. Ukijani niliouhesabu kuwa faida ndio unaokuja kuwa chakula cha arkea, pamoja na majani na samadi.

Sasa, kwa nini lambo dogo? Maji ya juu, yenye oksijeni, yana bakteria wanaokula methani. Mfikirie mtoto aliyebeba sinia la maandazi akivuka uwanja wa shule saa ya mapumziko. Uwanja ukiwa mpana na yeye akitembea, atafika upande wa pili na sinia tupu. Uwanja ukiwa mwembamba, mengi yatafika. Na akipakiwa kwenye bodaboda, hakuna atakayewahi kunyoosha mkono. Methani iliyoyeyuka majini ndiyo inayotembea kwa miguu. Inayopanda ndani ya mapovu kutoka kwenye tope ndiyo iliyopakiwa kwenye bodaboda. Katika lambo lenye kina kifupi safari ni fupi kwa vyote viwili.

Mwaka 2016, watafiti Meredith Holgerson na Peter Raymond walikadiria kuwa vidimbwi visivyofika mita za mraba 1,000, yaani kama robo eka, ni asilimia 8.6 tu ya eneo lote la maziwa na mabwawa duniani, ila hutoa asilimia 40.6 ya methani inayopenya usoni mwa maji hayo. Na hapo mapovu hayakuhesabiwa!

Kinachonivutia zaidi ni uzio. Kusini-mashariki mwa Australia, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta malambo yaliyozungushiwa uzio yakitoa methani pungufu kwa asilimia 56 kuliko yale ambayo mifugo huingia, kwa sababu samadi na mkojo havimwagiki majini. Ulilinganisha malambo yaliyokuwapo tayari, kwa hiyo huenda wenye uzio hutunza ardhi yao vizuri kwa njia nyingine pia. Ng'ombe nao hawakosi maji: huvutiwa kwa bomba hadi kwenye birika nje ya uzio.