Ndui katika jeshi la George Washington: maswali na majibu

Makoloni 13 ya Marekani yalianza kupigana na Uingereza mwaka 1775. Vita havijakolea, ndui ikawa imeshaingia kambini mwa jeshi lao, lililoongozwa na Jenerali George Washington.

Ndui ndiyo tetekuwanga?

Hapana, ingawa watu wengi huchanganya majina haya. Ndui ilisababishwa na kirusi cha variola. Ilianza na homa kali na maumivu ya mgongo, kisha vikatoka vipele vigumu vyenye usaha, vikisongamana usoni, mikononi na miguuni, hata viganjani na kwenye nyayo, vyote vikiiva pamoja. Vipele vya tetekuwanga hutoka kwa mafungu, vingi zaidi kifuani na mgongoni. Katika kila wagonjwa 10 wa ndui, takriban 3 walikufa. Waliopona walibaki na makovu, wengine vipofu, lakini hawakuugua tena.

Mbona iliwaumiza Wamarekani kuliko Waingereza?

Uingereza ndui ilikuwa haikatiki, kwa hiyo askari wake wengi waliugua utotoni wakapona. Vijana wa Marekani walitoka mashamba yaliyotawanyika, na wengi walikuwa hawajawahi kuipata. Ukiwalaza maelfu ya watu kama hao kambi moja, mgonjwa mmoja anatosha.

Quebec, huko Kanada, ilikuwa balaa. Wamarekani waliushambulia mji huo tarehe 31 Desemba 1775 wakashindwa, wakabaki kuuzingira katika baridi huku ndui ikiwamaliza. Wengine walijichanja kwa siri bila kutengwa na wenzao, na ugonjwa ukazidi kusambaa. Jenerali John Thomas, aliyetumwa kwenda kuwaongoza, alikuwa daktari. Ndui ilimuua Juni 1776.

Walichanjwaje, na chanjo ilikuwa bado haijagunduliwa?

Neno letu lenyewe linatusaidia hapa. Kuchanja ni kukata ngozi, kama mtu anavyopigwa chale, na ndivyo ilivyofanyika. Daktari alichukua usaha wa mgonjwa wa ndui, akamchanja mtu mzima wa afya mkononi na kuupaka kwenye mkato. Mtu huyo alipata ndui yenyewe, si kitu kilichodhoofishwa. Ila kirusi kilichopitia ngozini, badala ya kuvutwa kwa pumzi, kwa kawaida kilileta ugonjwa mwepesi, na mwili ulipata nafasi ya kujenga kinga mapema. Waliokufa walikuwa mmoja au wawili katika kila 100.

Lakini aliyechanjwa aliweza kumwambukiza mwenzake ndui kali. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mkato peke yake haukuwa tiba ya jeshi. Kutengwa wiki kadhaa, mpaka magamba yaanguke, kulikuwa na uzito uleule.

Na maarifa hayo walitoa wapi?

Uchanjaji ulijulikana Asia na Afrika zamani. Huko Boston, Mwafrika aliyekuwa mtumwa wa kasisi Cotton Mather, aitwaye Onesimus, alimweleza bwana wake jinsi alivyochanjwa kwao. Ndui ilipoupiga mji huo mwaka 1721, Mather akamshawishi daktari Zabdiel Boylston ajaribu. Watu walikasirika mno, hata bomu likarushwa nyumbani kwa Mather. Hata hivyo, waliochanjwa walikufa wachache sana kuliko walioambukizwa kwa njia ya kawaida. Jina la Onesimus linastahili kutajwa kila habari hii inaposimuliwa.

Kwa nini Washington hakuamuru mapema?

Si kwa kutoujua ugonjwa. Aliugua ndui mwenyewe kisiwani Barbados mwaka 1751, akiwa na miaka 19, na mkewe Martha alichanjwa Philadelphia mwaka 1776. Hofu yake ilikuwa hesabu. Ukiwachanja askari wote pamoja, kwa wiki kadhaa huna jeshi, na adui akipata habari anakuja. Tena kambi iliyojaa waliochanjwa ingeweza kuwasha moto mkubwa kuliko uliokuwepo. Mimi naona kusita kwake kulikuwa na sababu, ila Quebec ilikwisha kuonyesha gharama ya kungoja.

Tarehe 6 Februari 1777, akiwa Morristown, New Jersey, alimwandikia daktari William Shippen kwamba askari wachanjwe. Walichanjwa kwa makundi na kwa usiri, hasa wapya, kabla hawajaungana na jeshi. Majira ya baridi yaliyofuata, huko Valley Forge, maelfu walikutwa bado hawana kinga, nao wakachanjwa. Magonjwa mengine, kama homa ya matumbo, yaliendelea kuua, lakini ndui haikulivunja tena jeshi kama ilivyofanya Kanada.

Kovu la begani kwangu ni la uchanjaji huo?

Hapana. Kama ulizaliwa kabla ya miaka ya 1980, huenda ni la chanjo ya ndui iliyotokana na kazi ya Edward Jenner, ambaye mwaka 1796 alitumia usaha wa ndui ya ng'ombe. Hiyo haikumpa mtu ndui. Kovu la vijana kwa kawaida ni la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Mei 1980 kwamba ndui imetokomezwa. Mtu wa mwisho kuipata kwa maambukizi ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipona, na miaka ya baadaye akawa anawahimiza wazazi wapeleke watoto kuchanjwa polio.