Breki zinazodunda: unene wa diski ndio wa kupimwa kwanza

"Diski imepinda, nunua nyingine." Hilo limekuwa jibu la kila gari kuukuu linalotetemeka likifungwa breki, na mara nyingi hutolewa hata gurudumu halijafunguliwa. Jibu hilo humfanya mtu anunue diski mbili mpya, zile sahani za chuma zinazozunguka na gurudumu na kubanwa na breki, afurahie utulivu kwa kilomita elfu chache, kisha mdundo urudi uleule. Akirudi gereji anaambiwa diski alizouziwa zilikuwa feki. Huenda ni kweli, lakini kwa kawaida diski hazina kosa.

Tuanze na maana, maana yenyewe ni fupi. Breki kudunda ni pale unapokanyaga pedali nayo, badala ya kushuka na kutulia, ikawa inausukuma mguu wako juu kwa mapigo yanayokwenda sambamba na mzunguko wa gurudumu. Gurudumu la gari dogo lina mzingo wa karibu mita 2, kwa hiyo kwenye mwendo wa kilomita 80 kwa saa linazunguka kama mara 11 kwa sekunde, na kwenye kilomita 40 mara 5 na ushei. Mapigo ya pedali lazima yapungue jinsi gari linavyopungua mwendo. Gari linalotetemeka hata bila kugusa breki lina shida ya balansi, tairi au rimu, usiliingize kwenye habari hii. Na ule mkwaruzo wa haraka unaousikia mguuni ukifunga breki kwa ghafla kwenye utelezi ni ABS, mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge, inafanya kazi yake. Huo hauhitaji fundi, isipokuwa kama unatokea kwenye lami kavu, taratibu, gari likikaribia kusimama. Hapo tazama sensa za magurudumu, huenda zimejaa uchafu.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi. Diski inaweza kuwa na kasoro mbili tofauti kabisa, na watu wanaziita zote "kupinda". Ya kwanza ni kuyumba: diski inazunguka ikienda kushoto na kulia kidogo, kama sahani iliyokaa upogo. Ya pili ni unene kutolingana: sehemu moja ya diski ni nene kuliko nyingine. Kasoro inayoudundisha mguu wako ni hii ya pili.

Sababu yake utaiona ukiitazama kwa makini kalipa, kifaa kinachoibana diski kati ya pedi mbili. Magari mengi yana kalipa yenye pistoni upande mmoja tu, na kalipa nzima inateleza juu ya pini zake. Diski yenye unene sawa ikiyumba, inazisukuma pedi zote mbili upande mmoja kwa pamoja, kalipa inaifuata, na mafuta ya breki hayasogei sana. Mguu hausikii kitu, au unasikia kidogo mno. Lakini sehemu nene ikipita katikati ya pedi, pedi zinalazimika kuachana. Pistoni inarudishwa ndani, mafuta yanasukumwa kurudi masta silinda, pampu inayosukumwa na pedali, na pedali inapanda. Sehemu nyembamba ikifika, pedali inashuka. Huo ndio mdundo. Wakati huohuo nguvu ya kukamata inapanda na kushuka, usukani unacheza, na kwenye gari lenye bushi na boljointi (viungo vya chini ya gari) zilizochoka mtetemo unakuzwa mara kadhaa. Bushi mpya zitakupunguzia kelele, ila chanzo utakuwa umekiacha kwenye diski.

Tofauti ya unene inayotosha kusikika ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Watengenezaji wengi huweka kikomo cha milimita 0.01 hadi 0.02 hivi. Unywele wa mtu una kama milimita 0.07. Kwa hiyo fundi anayeitazama diski kwa jicho, au anayeipitisha kidole, na kutamka kuwa imepinda, hajaona kitu. Jicho haliwezi kuona hilo. Kinachoona ni mikromita: unapima unene sehemu 8 kuzunguka diski, zote zikiwa umbali uleule kutoka ukingoni, kisha unalinganisha namba. Kuyumba nako kunapimwa kwa geji ya mshale inayogusa uso wa diski karibu na ukingo, diski ikiwa imekazwa kwa nati zake, ukiizungusha kwa mkono. Vitabu vingi vya magari vinataka isizidi kati ya milimita 0.05 na 0.10. Fuata cha gari lako.

Je, unene unapoteaje sehemu moja tu? Hapa ndipo kuyumba kunaporudi, safari hii kama chanzo. Diski iliyokaa upogo kwenye habu, kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa, inagusa pedi kila mzunguko hata kama hujakanyaga breki. Inaguswa sehemu ileile, mamia ya mara kwa kila kilomita. Sehemu hiyo inaliwa polepole hadi inakuwa nyembamba kuliko nyingine. Ndiyo maana diski mpya inatulia mwanzoni na kuanza kudunda baadaye: ilifungwa ikiyumba, na imejila yenyewe.

Na ilifungwa ikiyumba kwa sababu ya kutu. Kwenye gari kuukuu uso wa habu una magamba ya kutu, hasa kuzunguka skrubu za nati na pale kati diski inapojishika. Gamba dogo likibaki kati ya habu na diski, diski inakaa upogo, na hitilafu iliyo ndogo pale kati inakuwa kubwa zaidi ukingoni ambako pedi zinafanya kazi. Ningependa kila anayebadilisha diski atumie muda mrefu zaidi hapa kuliko sehemu nyingine yoyote ya kazi: brashi ya waya, msasa, na kitambaa, hadi chuma cha habu king'ae pande zote na kucha isikwame popote. Kisha diski ikae, ipimwe. Ikiyumba bado, itoe, izungushe tundu moja mbele, ifunge, upime tena. Mara nyingi kuna mkao mmoja ambapo kasoro ya habu na kasoro ya diski zinafutana. Ikigoma kila mkao, shika gurudumu juu na chini ulitikise, beringi huenda imelegea.

Nati nazo zina mkono wake. Mtu akizikaza kwa mashine ya upepo, moja hadi mwisho kisha nyingine, diski inavutwa upande mmoja. Zinatakiwa kukazwa kwa kuvukana, kidogo kidogo, na mwisho kwa spana inayopima nguvu, kwa kiwango kilichoandikwa na mtengenezaji. Kuna magari yaliyoanza kudunda muda mfupi baada ya kubadilishiwa tairi tu, breki hazikuguswa.

Chanzo kingine ni pedi zenyewe kuacha alama. Ukishuka mlima mrefu ukiwa umekanyaga breki, ukafika chini ukasimama na mguu bado uko kwenye pedali, pedi zilizowaka moto zinabandika utando wake kwenye diski mahali pamoja. Ukiitazama diski unaona kivuli chenye umbo la pedi. Mahali hapo panakamata tofauti na pengine. Joto likiwa kali sana, chuma cha chini ya alama hiyo hubadilika kikawa kigumu kuliko kilichokizunguka. Kigumu hakiliki, kinachokizunguka kinaliwa, na baada ya muda una kilima. Diski ya namna hiyo ukiikereza itatulia kwa muda, kisha ule ugumu uliozama ndani utainuka tena. Hapo kweli diski mpya ndiyo dawa. Pini za kalipa zilizokauka huleta balaa hilohilo, kwa kuwa pedi haiachii na diski inapikwa njia nzima. Zitoe, zisafishe, zipake grisi maalumu ya breki, siyo grisi ya kawaida inayovimbisha mpira.

Kukereza diski kunafaa pale tu inapobaki juu ya unene wa chini kabisa unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida umechorwa kwenye diski yenyewe. Ikishuka chini ya hapo, hakuna mjadala. Pande zote mbili za ekseli hufanyiwa kazi pamoja. Wakati wa kufungua, usiache kalipa ining'inie kwa mpira wa mafuta. Ifunge kwa waya. Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, yaoshe kabla ya kufunga. Halafu pedi na diski zizoeshwe: funga breki kwa nguvu ya kadiri kutoka kilomita 50 hadi kama 10 kwa saa, mara 8 hadi 10 bila kusimama kabisa, kisha endesha kidogo bila kugusa breki ili zipoe.

Kama usukani unatulia ila kiti na pedali vinadunda, shuku nyuma. Magari mengi ya zamani yana dramu huko, ngoma ya chuma inayokamatwa kwa ndani badala ya diski, na handibreki yake inavuta waya. Kwenye barabara tupu, mwendo mdogo, vuta handibreki taratibu huku umebonyeza kitufe chake. Gari likienda kwa kukamata na kuachia, dramu imepoteza uduara wake, na diski za mbele ulizokuwa karibu kununua hazihusiki.

Chuma cha kusubu kinaweza kupinda, sikatai, lakini ni nadra kuliko tunavyosema. Basi ukiambiwa diski imepinda, muulize fundi kwa upole: unene unatofautiana kwa milimita ngapi, na inayumba kwa ngapi? Kama hana geji, mwombe aanze na brashi ya waya kwenye habu na nati zikazwe upya kwa kuvukana. Kama unene haujaliwa bado, hiyo inaweza kutosha.