Kejeli za Kiingereza zinapovukia Kireno: dhana potofu na ukweli wake

Wengi wetu tunaojifunza Kireno huku Afrika Mashariki tunakifikia kwa kupitia Kiingereza. Kamusi za Kireno na Kiswahili ni za kutafuta kwa tochi, za Kireno na Kiingereza zimejaa. Ni kama mtu wa Mtwara anayetaka kuvuka Ruvuma aingie Msumbiji, akaambiwa apitie kwanza London. Kwa majina ya vitu, mzunguko huo haukudhuru sana. Kwa maneno ya utani na dhihaka unakudhuru, kwa sababu Kiingereza kimeyarundika pamoja mambo ambayo Kiswahili kiliyatenganisha zamani, na ambayo Kireno pia huyatenganisha kwa namna yake.

Dhana: "tease" ina neno lake moja la Kireno

Haina. Neno hilo la Kiingereza lilianzia kwenye kazi ya kuchambua sufu, kuivuta nyuzi nyuzi mpaka ilegee, na hadi leo linavuta kila kitu: rafiki anayekutania, kaka anayemkera mdogo wake, binti anayemtega kijana kwa macho. Kamusi hukupa orodha: "provocar", "zombar", "implicar", "brincar". Mwanafunzi huchukua la kwanza na kwenda nalo.

Kireno kinataka kujua kwanza nani anamfanyia nani, na kama anayefanyiwa naye anacheka. Kaka anayemfichia mdogo wake daftari na kumsumbua mchana kutwa, huyo "implica com" mdogo wake, yaani anamchokoza. Ureno watasema pia "meter-se com", usemi mpana kidogo: unabeba uchokozi, utani, na hata kumwendea mtu kwa nia ya kumtongoza. Marafiki wa Brazil wanaocheka mezani wanasema "zoar" au "tirar sarro". "Caçoar" ni laini zaidi na lina harufu ya wazee. Ukienda Kaskazini Mashariki mwa Brazil utasikia "mangar de". Yule binti wa macho ndiye anayestahili "provocar".

Kosa linaloniuma zaidi ni la sentensi ndogo ya kuomba radhi. Mwingereza aliyemkwaza rafiki hujitetea kwamba alikuwa "only teasing". Kireno chake ni "eu estava brincando", au kwa mtu wa Lisbon na Maputo, "estava a brincar". "Brincar" ni kitenzi kilekile cha mtoto anayecheza uani. Ni "nilikuwa natania tu". Mfasiri akiandika "estava zombando de você", msemaji atakuwa amekiri kwamba alikuwa anamkejeli mwenzake. Alitaka kusamehewa, mfasiri akamhukumu.

Kuna mahali Kireno kinatukaribia kuliko Kiingereza kitakavyoweza kamwe. Mjini Porto Alegre, kusini mwa Brazil, kuna Grêmio na Internacional, wanaokutana tangu mwaka 1909, Grêmio iliposhinda mechi ya kwanza mabao 10 kwa bila. Kule kutaniana kwa mashabiki baada ya mechi huitwa "flauta", filimbi. Aliyeshinda anampigia filimbi aliyeshindwa, kazini, sokoni, hata kwenye harusi, na aliyeshindwa anavumilia kwa kuwa zamu yake inakuja. Mtu aliyekulia kati ya Simba na Yanga hahitaji kuelezwa. Hao ni watani wa jadi.

Dhana: "gozar" ni neno chafu, liepukwe

Onyo hili linatembea sana, na nusu yake ni kweli, ndiyo maana linapotosha. Nchini Brazil, "gozar" katika mazungumzo ya mtaani linaweza kumaanisha kufika kileleni kitandani. Mwanafunzi akishaambiwa hivyo analikimbia neno zima.

Lakini Ureno, "gozar com alguém" ndiyo njia ya kawaida kabisa ya kusema kumfanyia mtu mzaha. "Estás a gozar comigo?" ni "unanitania?" au "unanifanyia masihara?" kutegemea sauti, na mama anaweza kumwambia mwanawe mbele ya wageni. Kireno cha Msumbiji kimelelewa kwenye shule za kawaida hiyo ya Ureno, kwa hiyo anayevuka Ruvuma atalikuta huko pia. Hata Brazil kwenyewe familia ya neno hilo imebaki safi: "gozação" ni utani, "gozador" ni mcheshi apendaye kuwatania watu, na "que gozado!" ni kusema jambo fulani linachekesha au ni la ajabu. Isitoshe, mfanyakazi "goza férias" anapokwenda likizo, na sheria za kazi huandika hivyo bila haya.

Basi swali si kama neno ni chafu. Swali ni tafsiri inasomwa wapi. Mazungumzo yanayosomwa São Paulo, andika "tá me zoando?" na usihangaike. Ya Lisbon au Maputo, "zoar" litamfanya mhusika wako aonekane ametoka kutazama tamthilia ya Brazil.

Dhana: kihusishi ni kitu kidogo

Kiswahili kinatufundisha kinyume chake. Kumcheka mtu na kucheka na mtu ni mambo mawili, moja linavunja urafiki na jingine linaujenga. Kireno kina tofauti hiyohiyo: "rir de" ni kumcheka, "rir com" ni kucheka naye. Mwanafunzi akilielewa hili hufurahi, akaweka kanuni kichwani kwamba "com" ni upole na "de" ni ukali. Inamsaidia kweli: "zombar de", "troçar de", "caçoar de", "fazer pouco de", zote za kumkejeli au kumbeza mtu, zinachukua "de".

Halafu anafika kwenye "gozar" na Ureno inampindulia meza. Hapo "com" ndiyo ya mzaha, na "de" ndiyo ya kufaidi: "gozar de boa saúde" ni kuwa na afya njema. Brazil nao wana "gozar da cara de alguém", kumfanyia mtu mzaha usoni, na mzaha umerudi kwenye "de". Nimeona tafsiri nzuri zikiharibika kwa vihusishi viwili hivyo. Kila kitenzi kihifadhiwe pamoja na kihusishi chake, kama tunavyohifadhi nomino pamoja na ngeli yake.

Dhana: "escarnecer" na "zombar" ni maneno ya zamani yasiyo na tofauti

Zaburi ya kwanza inamsifu asiyekaa na watu wa dhihaka. Biblia ya Kiingereza ya King James inawapa watu hao kiti. Ile ya Almeida, inayosomwa sana na Waprotestanti wa Kireno, inawaketisha kwenye "roda dos escarnecedores", duara la wenye dhihaka. Biblia yetu ya Union inasema mtu huyo "hakuketi barazani pa wenye mizaha". Kireno na Kiswahili zote mbili zimeona kwamba dhihaka hufanywa na watu waliokaa pamoja. Kadhalika Wagalatia 6:7: pale Kiswahili kinaposema Mungu hadhihakiwi, Almeida, katika baadhi ya matoleo yake, inasema "Deus não se deixa escarnecer". Weka "zoar" pale uone. Hata "zombar" lingepunguza uzito, kwa sababu hata dhihaka ya watoto njiani ni "zombar", lakini "escarnecer" ni dharau iliyokusudiwa.

"Escárnio" ina historia ambayo msomaji wa Pwani atajisikia nyumbani ndani yake. Katika karne ya 13 na 14 washairi wa Kireno na wa Kigalisia, majirani wa Ureno upande wa kaskazini, walikuwa na aina mbili za nyimbo za kusema watu. Maelezo yake yamehifadhiwa katika risala fupi isiyo na jina la mtunzi, mwanzoni mwa mkusanyo wa nyimbo uliopo Maktaba ya Taifa mjini Lisbon. "Cantiga de escárnio" husema kwa maneno yaliyofunikwa, yenye maana mbili, ili anayesemwa asielewe upesi. "Cantiga de maldizer" husema waziwazi. Mwingereza akitafsiri majina hayo hulazimika kueleza. Sisi tunayo: ya kwanza ni mafumbo, ya pili ni mipasho. Kanga inayonunuliwa ili jirani aisome inafanya kazi ya "escárnio", na inanigusa kwamba Mombasa huiita leso, neno lililotoka kwa "lenço" ya Wareno wenyewe.

Dhana: "ridicule" ni suala la mtindo tu

Katika hati za Brazil ni suala la sheria. Sheria ya kumlinda mlaji ya mwaka 1990, kifungu cha 42, inasema anayedaiwa "não será exposto a ridículo", asifanywe kichekesho, wala asitishwe wakati wa kudaiwa. Wanaosumbuliwa na wakopeshaji wa simu, ambao majina yao hutumwa kwa ndugu na marafiki, wataona kwamba "ridículo" hapa ni jeraha lenye haki ya kulalamikiwa. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1997 nayo ilikataza redio na televisheni kutumia hila za sauti au picha zinazomshushia hadhi au "ridicularizem" mgombea, mpaka Mahakama ya Juu ya Brazil ilipolifuta katazo hilo mwaka 2018 kwa kauli moja, ili wachekeshaji wawe huru. Ukitafsiri taarifa kama hiyo ukaweka "zoar", umeishusha kesi ya katiba hadi kijiweni.

Kwa uonevu wa shuleni, usijisumbue kubuni. Brazil ilitunga sheria mwaka 2015 ikauita "intimidação sistemática", lakini ndani ya sheria hiyohiyo ikaandika "bullying", na mwaka 2024 kosa hilo likaingizwa katika sheria ya jinai kwa majina yote mawili.

Dhana: kila "mock" ni dhihaka

Mtahiniwa wa kidato cha nne anajua si kweli, maana amefanya moko. Mtihani wa namna hiyo Brazil ni "simulado". Na anayesema kwa Kiingereza kwamba amevutwa mguu hajaguswa mguu, ametaniwa. Ukimwandikia Mbrazili kwamba mtu "puxou o pé" wa mwenzake, atafikiria marehemu aliyerudi usiku kumvuta miguu aliyelala.

Dhana: lazima Kiingereza kiwe daraja

Tangu Agosti 2019 Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, pamoja na Kireno, na mkutano uliopitisha hilo ulifanyika Dar es Salaam. Njia ya moja kwa moja ipo, na kwenye maneno haya ni fupi mno. "Vaiar" ni kuzomea. "Mandar bocas" ya Ureno ni kurusha vijembe, na "indireta" ya Brazil ni lile dongo ambalo kila mtu anajua limetupwa kwa nani. "Fazer pouco de" ni kubeza. "Jogar na cara", kumrushia mtu usoni wema uliomtendea, ni kusimanga, neno ambalo Kiingereza kinalihitaji sentensi nzima.

Pale Kireno kinapoishiwa ni kwenye utani wenyewe, ule wa makabila. Msibani mtani anajilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. "Brincar" haitoshi, na "gozar" itamfanya msomaji wa Maputo amchukie. Mfasiri aliache neno "utani" kama lilivyo, kisha aeleze kwa sentensi moja huyu aliyelala kaburini ni nani, na kwa nini wafiwa hawamfukuzi.